Intaneti ya Safari ya Umra: Tulivyojipanga na Mama



Sisi ni mawifi wawili, tunashona magauni ya harusi na mabaibui hapa Mhunze, Kishapu. Ni bara ndani kabisa, kwenye pamba na almasi, lakini bi harusi ni bi harusi popote alipo, na siku hizi wapo wanaoomba safari ya umra badala ya kabati la vyombo. Wakija kupima gauni wanatuuliza visa, wanatuuliza nguo za ihramu. Habari ya intaneti hawaulizi. Sisi tunaanza na hiyo.

Sababu ni Raudha. Lile eneo kati ya nyumba ya Mtume (S.A.W.) na mimbari yake huingii tena kwa kusukumana tu. Kibali kinaombwa kwenye programu ya Nusuk, wanawake wana saa zao na wanaume zao, na tulivyokuta sisi, ukishaingia mara moja unasubiri siku 365 ndipo uombe tena. Safari ya mama ilitoka kwenye pamba ya misimu kadhaa na ng'ombe wawili. Huyo huwezi kumwambia tutakuja tena mwakani. Kwa hiyo simu isiyoshika mtandao Madina, kwetu lilikuwa jambo zito.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na laini yako ya nyumbani, iwe Vodacom, Airtel, Halotel au Yas iliyokuwa Tigo, ukaomba huduma ya kuitumia nje. Ya pili ni laini isiyo na kadi, ile e-sim, unayoinunua kwa mtandao kabla hujaondoka. Ya tatu ni kununua laini ya kule kule: STC, Mobily au Zain.

E-sim inasifiwa sana mitandaoni, na kwa mwenye simu yake ni raha, unashuka kwenye ndege mtandao unao. Ila pima kwanza. Bonyeza *#06#, ukiona namba ndefu yenye herufi EID, simu yako inaipokea. Usipoiona, achana nayo. Zetu hazikuwa nayo. Nyingi za bei ya kawaida hazina, na si aibu.

Laini ya nyumbani tuliibakiza kwa kazi moja tu: ujumbe. Benki ikituma namba ya siri ya kuthibitisha muamala, inaituma kwenye laini uliyojisajilia, sasa ukiichomoa ukaiweka kwenye pochi utathibitisha na nini? Tulipiga 100 tukiwa bado Shinyanga, tukaulizia huduma ya nje na gharama zake, ikawashwa. Halafu kwenye mipangilio tukazima deta ya nje kwa laini hiyo. Hapo sisitiza jamani. Deta ya nje bila bando maalumu inamaliza salio huku umelala.

Intaneti tukapanga kununua kule. Saudia laini inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kama sisi tunavyosajili kwa NIDA. Hapo ndipo tulipokwama na mama. Vidole vya mtu aliyepalilia na kuchuma pamba miaka arobaini vimelainika, mashine haivioni. Kijana wa dukani akavifuta, akavipaka mafuta, akajaribu vyote kumi. Mama akawa anamchekea tu. Mwisho tukasajili mbili, kila wifi yake, moja ikaingia kwenye kitochi cha mama ikiwa na dakika za kupiga, bila deta. Nyingine ikapata bando kubwa, na mwenzake akawa anavutia kwa hotispoti.

Kuna wanaosema mtoto mmoja awe na bando, wazee wote wavute kwake. Hatukubaliani. Hotispoti ni hatua chache tu, na kule Haramu mtu anapotea ukiwa umegeuka kuvaa ndala. Mzee awe na simu inayopigika, na namba zenu ziandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wake.

Simu yenye nafasi mbili za laini, weka ya nyumbani ya kwanza na ya Saudia ya pili, chagua deta itoke kwenye ya pili. Ikigoma, zima simu uwashe. Ikigoma bado, muuzaji akuwekee ile APN kabla hujatoka dukani. WhatsApp ikikuuliza kama unabadilisha namba, kataa, wateja wako watakupata kwa namba ile ile. Zima picha na video kujipakua zenyewe. Makundi ya harusi yanakula bando kuliko kitu chochote, tunayapenda lakini ndivyo yalivyo. Saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo binti tuliyemwachia duka alikuwa anatutumia vipimo usiku baada ya Isha bila kumsumbua mtu.

Nusuk tuliifungua tukiwa nyumbani, na tarehe ya Raudha tukaanza kuitafuta mapema kwa sababu nafasi zinajaa. Cha mama kilikaa kwenye simu ya mmoja wetu. Siku yenyewe, kwenye foleni ya wanawake, mtandao ulikuwa mzito kwa wingi wa watu, lakini vibali tulishavifungua tangu hotelini na chaji ilikuwa imejaa. Wale kina dada wa mlangoni wakatazama, tukapita watatu. Mama alisali rakaa zake akalia sana. Usiku akarekodi sauti kwa wajukuu, wakamrudishia kwa Kisukuma, "mhola duhu bibi," akaisikiliza mara nne.

Wiki hii tunamalizia gauni la bi harusi wa Maganzo anayeondoka na mumewe kwenda umra. Tumempimia na simu pia. EID haina, nafasi mbili za laini inazo.