Amekuwa wa Ngapi?

Kila Jumapili saa mbili asubuhi ya Houston, Tanga ikiwa saa kumi jioni, nampigia mama simu. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya habari za mvua, za goti lake na za bei ya nazi, swali linalofuata nalijua.

“Mume wangu hajambo? Amekuwa wa ngapi?”

Mume wake ni mwanangu wa kiume, kijana wa miaka 18 anayemaliza sekondari mwaka huu. Anacheza besiboli tangu akiwa na miaka minane. Bibi yake hajawahi kuuona mchezo huo, lakini aliposikia kwamba huku vijana wanaoucheza hupangwa kwa orodha, wa kwanza hadi wa mia kadhaa, alielewa papo hapo. Orodha anazijua. Alilea watoto sita kwa orodha.

Mimi jibu limekuwa likinikwama kooni. Mwanangu hana namba. Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza namba hizo zina uzito gani, za huku na za kule nilikotoka, maana nimeishi chini ya zote mbili.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Jumanne moja ya Machi nilikwenda uwanja wa shule nikiwa nimeshavaa sare ya kazi, kwa kuwa zamu yangu hospitalini huanza saa moja usiku. Nyuma ya wavu walikaa wanaume kama kumi na wawili wenye kofia, miwani ya jua na madaftari madogo. Hao ni maskauti wa klabu za kulipwa. Kila mmoja alishika kipima kasi, chombo kilekile ambacho trafiki wetu wa Segera huwapigia madereva na sisi tukakiita tochi. Walikuja kumtazama kijana mmoja tu, mrushaji mrefu ambaye jina lake limo kwenye orodha ya taifa zima.

Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, uso ndani ya kinyago cha vyuma, kifua ndani ya ngao. Mdakaji siku hiyo alikuwa mwanangu. Kila yule mrefu alipoinua mguu, tochi zote zilinyanyuka kwa pamoja. Mpira ukapiga glovu kwa kishindo, tochi zikashuka, namba zikaandikwa. Maili 94 kwa saa, sawa na kilomita 151 hivi. Saa nzima ilipita hivyo. Kila mpira waliouandika uliishia mkononi mwa mwanangu, na sikuona hata kalamu moja iliyomwandika yeye.

Siku ambayo klabu hizo huteua vijana wanaiita drafti, jina ambalo kwetu ni la mchezo wa vizibo vya soda barazani. Ilianza mwaka 1965, na wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Rick Monday, aliyechukuliwa na timu ya Athletics ilipokuwa Kansas City. Siku hizi hufanyika Julai. Klabu 30 hupokezana kuchagua kwa raundi 20, na vijana zaidi ya 600 huitwa. Wanaohusika ni wa shule na vyuo vya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Kabla ya siku hiyo kila klabu huwa na orodha yake ya siri, na waandishi wa michezo nao huchapisha za kwao. Jarida la Baseball America limekuwa likifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Orodha ya Januari si ya Machi, na ya Machi si ya Juni. Kijana hupanda, hushuka, hufutwa, hurudishwa.

Nilitaka kujua namba hizo hutoka wapi, kwa hiyo siku hiyo nilimsogelea skauti mmoja mzee nikamwomba anieleze. Alinieleza kwa upole kama mwalimu. Mchezaji wa uwanjani hupimwa kwa mambo matano: kupiga mpira, kuupiga ukaenda mbali, kukimbia, kudaka na kutupa. Kipimo huanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Kisha akanifungulia ukurasa wa daftari lake, na hapo ndipo nilipopata jambo ambalo halijanitoka hadi leo. Mbele ya kila jambo paliandikwa namba mbili. Ya kwanza ni alivyo kijana leo. Ya pili ni atakavyokuwa akikomaa. Mtu anaweza kupewa 30 kwa leo na 55 kwa kesho, na klabu ikamlipa mamilioni kwa ajili ya ile ya kesho.

Kuipata namba ya pili, skauti huendesha gari mamia ya maili, hukaa juani, humtazama kijana akipiga vizuri na akikosea, huangalia upana wa mabega na urefu wa mikono. Nilimsikia mmoja akimuuliza mama wa mrushaji kimo cha wajomba zake. Wanakisia, na wanajua kuwa wanakisia, ndiyo maana wanarudi tena wiki ijayo.

Nikakumbuka mstarini. Siku ya kufunga shule, pale Ngamiani, Tanga, tulisimama kwenye mchanga tangu asubuhi, mwalimu wa zamu akaita majina kumi ya kila darasa. Wa kwanza alipewa madaftari na kalamu, akapigiwa makofi. Baada ya wa kumi hakuitwa mtu. Sisi tulipewa karatasi zetu mkononi, zimekunjwa mara mbili, twende nazo nyumbani. Yangu ya darasa la tano iliandikwa: Nafasi, 51 kati ya 68. Njiani nilikutana na majirani watatu, na wote watatu waliniuliza swali lilelile. Ile ilikuwa namba moja tu, ya mtihani mmoja, wa juma moja, na ndiyo niliyoitwa nayo hadi likizo ikaisha.

Nyumbani jambo hilo limeanza kutazamwa upya. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wako waliosikitika, wakisema mashindano yamepoa. Mimi nilisoma habari hiyo kwenye simu, kwenye chumba cha mapumziko hospitalini, nikamkumbuka yule mtoto wa Ngamiani na karatasi yake iliyokunjwa mara mbili.

Wahenga wetu wametuachia kauli mbili. Wanasema nyota njema huonekana asubuhi, na maskauti wote wa dunia wanaishi kwa kauli hiyo. Wanasema pia kutangulia si kufika. Jiji ninaloishi lina ushahidi mwingi zaidi wa ile ya pili kuliko jiji lolote ninalolijua.

Mwaka 2013 klabu yetu, Houston Astros, ndio waliokuwa na haki ya kuchagua wa kwanza nchi nzima. Walimchukua Mark Appel, mrushaji aliyezaliwa hapa hapa Houston na kusoma Stanford. Hakuna aliyeshangaa, maana kila orodha ilikuwa imemweka juu. Bega na kiwiko vikamsumbua, na mwaka 2018 akaacha mchezo. Baadaye akarudi, na Juni 2022, akiwa na karibu miaka 31, akarusha mpira wake wa kwanza wa ligi kuu akiwa amevaa jezi ya Philadelphia. Miaka tisa tangu aitwe wa kwanza. Sioni aibu hata chembe katika habari yake. Naona mtu aliyebeba namba nzito kuliko anayopaswa kubebeshwa kijana yeyote, akaitua, kisha akarudi kucheza kwa hiari yake.

Klabu hiyohiyo ya Astros ina José Altuve. Wavenezuela hawamo katika drafti. Wao husajiliwa moja kwa moja wakiwa bado wadogo. Mwaka 2007 Altuve alikwenda kwenye majaribio kule Maracay akaambiwa asirudi, ni mfupi mno. Baba yake akamwambia arudi kesho yake. Alirudi, akasajiliwa kwa dola 15,000. Ana futi tano na inchi sita. Mwaka 2017 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na Astros wakatwaa ubingwa wa kwanza katika historia yao.

Wako na wengine. Mike Piazza aliitwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, wa 1,390, naye leo yumo katika Jumba la Mashujaa la besiboli. Kwa utaratibu wa sasa wa raundi 20 asingeitwa kabisa. Albert Pujols aliletwa Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akaitwa wa 402 mwaka 1999, akaja kupiga homurani 703, yaani mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja. Huyu huwa namfikiria sana, kwa sababu naye alikuwa mtoto wa wahamiaji waliofika bila kujua ni mlango gani hubishwa ili mtoto aonekane.

Na hapa nina neno kwa nyumba yangu ya pili. Kuonekana kunanunuliwa. Timu za kusafiri, makocha wa binafsi, maonyesho ya mwishoni mwa wiki ambako mtoto hulipiwa ili akimbie yadi 60 mbele ya saa za watu, vyote vinafika maelfu ya dola kwa mwaka. Wakati fulani mwandaaji mmoja aliniambia mwanangu ana nafasi nzuri, tukalipa, nikaongeza zamu mbili kila wiki. Siku yenyewe aliitwa kupiga mara tatu tu, jioni, wapimaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Karatasi ya shule ya Ngamiani ilikuwa katili, lakini haikudai ada ili iniandike. Mtoto wa mchuuzi wa samaki na mtoto wa mkuu wa wilaya walifanya mtihani uleule, juma lilelile.

Tena orodha ya huku ni bei. Mwaka 2023 Paul Skenes, aliyeitwa wa kwanza na Pittsburgh, alitia saini kwa dola milioni 9.2. Fedha hizo ni halali yake. Lakini kushuka nafasi kumi kwenye orodha ni kupoteza thamani ya nyumba, na vijana wa miaka 17 wanalijua hilo wakati wanapanda kile kilima cha udongo.

Basi nikizipima nyumba zangu mbili, kila moja ina kilichopunguka kwa mwenzake. Huku wana namba ya kesho, ila mlango una kiingilio. Kule mlango ulikuwa wazi, ila namba ilikuwa ya jana tu. Sitamani mojawapo ifutwe. Nimeona vijana wa Uganda walioibuka bila kiingilio: mwaka 2012 timu yao ya watoto ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League kule Williamsport, na mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male wakasajiliwa na Los Angeles Dodgers. Mtu alisafiri kuwatazama, au alifungua video na kuitazama hadi mwisho. Hilo ndilo ninalolitaka kwa watoto wa pande zote mbili, mtu mzima anayetulia, anayetazama zaidi ya mara moja, na anayekubali kufuta alichoandika.

Wiki iliyopita nilimwomba mama amtume mpwa wangu afungue sanduku la bati chini ya kitanda. Ripoti zetu zote zimo. Mpwa akanisomea kwenye simu ya video ile ya darasa la tano. Nafasi ilikuwa ileile ninayoikumbuka. Lakini chini yake palikuwa na maandishi ambayo sikuwahi kuyasoma, au niliyasoma nikayaona si kitu: “Maoni ya mwalimu: Hisabati zinamlemea. Insha zake zinasomwa na walimu wote ofisini. Apatiwe vitabu.”

Kumbe nasi tulikuwa na namba ya pili. Iliandikwa kwa maneno, kwa wino wa buluu, na haikusomwa mstarini.

“Na hapa chini?” nikamuuliza. “Kwenye maoni ya mzazi?”

“Pana dole gumba tu, mama mdogo.”

Mama hakuwahi kujifunza kuandika. Alitia kidole mahali alipoambiwa, ripoti baada ya ripoti, watoto sita. Mimi naweza kuandika, na kwa miaka kumi nimekaa kwenye mabenchi ya viwanja vya Texas nikisubiri mgeni mwenye tochi aniandikie mwanangu.

Kwa hiyo Jumapili hii mama alipouliza, nilimjibu. Nikamwambia, mama, mume wako hajawekwa kwenye orodha. Lakini sikiliza alichofanya Jumanne ile. Kipindi cha nne cha mchezo yule mrushaji mrefu alianza kutetemeka. Mipira ikamponyoka, wapigaji watatu mfululizo wakapewa njia ya bure, tochi zikashushwa, maskauti wawili wakafunga madaftari. Mwanangu alisimama, akavua kinyago, akatembea taratibu hadi kilimani. Akaziba mdomo kwa glovu, akasema neno ambalo hadi leo hajaniambia. Yule mrefu akacheka, mabega yakashuka. Mwanangu akarudi, akachuchumaa, akaweka glovu katikati. Mpira uliofuata ulipita katikati kabisa, na tochi zikapanda tena.

“Hilo umeliandika?” mama akauliza.

Nimeliandika, mama. Ndiyo haya maoni ya mzazi.