Asilimia 70 sio uhakika: gemu lilinionya, mkeka ukanimaliza

Wadau, leo siongelei staa yeyote. Naongelea mchawi mmoja wa kwenye gemu aliyekufa kwa ajili ya tamaa yangu, na kodi ya chumba iliyokufa siku mbili baadaye kwa tamaa hiyohiyo. Nivumilieni, vinahusiana.

Kipindi hicho nilikuwa napiga kazi kwenye kibanda cha kuwekea watu muvi na nyimbo kwenye flashi. Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee, gemu kubwa haiwezi. Braza mwenye kibanda alikuwa na gemu moja tu, Battle for Wesnoth. Ni la bure, lilianzishwa na jamaa anaitwa David White mwaka 2003. Picha zake za kawaida sana, nikalidharau. Wiki mbili baadaye nilikuwa silali.

Linachezwa kwa zamu kama drafti. Unasogeza watu wako, ukimaliza adui naye anasogeza wake. Tofauti ni kwamba kwenye drafti ukimla mtu umemla. Huku kila pigo lina asilimia zake za kupata au kukosa.

Sasa sikia utamu wake. Mara nyingi asilimia hizo hazitokani na ubingwa wa anayepiga, zinatokana na mahali aliposimama anayepigwa. Askari wa kawaida akiwa uwanja wa wazi, kila pigo lina asilimia 60 ya kumpata. Akiwa kijijini, ndani ya ngome au mlimani, inashuka hadi 40. Akikanyaga maji ya kina kifupi inapanda hadi 80. Yaani mtu yuleyule, silaha ileile, mlimani anasumbua, mtoni ni marehemu mtarajiwa. Wachawi ndio wana upendeleo: wao wakirusha moto ni asilimia 70 popote adui alipo.

Halafu kuna saa. Watu wa mwanga, kama binadamu wengi, mchana nguvu yao inaongezeka robo, usiku inapungua robo. Mazimwi ni kinyume chake. Alfajiri na magharibi wote wako kawaida. Kwa hiyo hauulizi tu "nimpige nani", unauliza "nimpige saa ngapi, nikiwa nimesimama wapi".

Mimi nilikuwa na mchawi wangu nampenda, nimemuita Babu. Nilitoka naye mbali, na kwenye gemu hili mtu akifa kwenye kampeni ndio amekwenda, haumuoni tena mechi zinazofuata. Unaweza kurudisha gemu nyuma, lakini braza alikuwa na sheria yake: hakuna kurudisha.

Alhamisi usiku, tumeshafunga kibanda, kiongozi wa mazimwi amebakiwa na uhai 18. Babu anarusha mara tatu, kila moja inatoa 7. Ilikuwa jua limeshazama, kwa hiyo nahitaji zote tatu zipate. Nikaona 70 pale kwenye kioo, nikasema huyu ameisha.

Ya kwanza ikapata. Ya pili ikapata. Ya tatu ikapita pembeni.

Zimwi kabaki na 4. Giza likaingia, nguvu zake zikapanda, akamgeukia Babu aliyesimama uwanja wa wazi. Mapigo mawili, kwisha habari.

Nilitukana gemu, nikasema linaiba. Braza akachukua kipande cha karatasi. "Dogo, 70 ni ya pigo moja. Wewe ulitaka matatu yote. Zidisha." 0.7 mara 0.7 mara 0.7 ikaja asilimia 34. Akaendelea: "Zamu iliyopita ilikuwa mchana. Kila moja ingetoa 9, ungehitaji mbili tu kati ya tatu. Hiyo ni asilimia 78." Na kweli, ile zamu ya mchana nilikuwa na nafasi. Nilimpeleka Babu akamalizie kajeruhi kamoja ili apate uzoefu. Tamaa.

Nikaitikia "sawa braza" kama mtu aliyeelewa.

Jumamosi nikachukua Sh 80,000 ya kodi. Na sio yangu yote, nusu ilikuwa ya mshikaji niliyekuwa naishi naye, kanipa mkononi nikampe mama mwenye nyumba. Nikaweka mkeka wa mechi tano, zote "za uhakika". Nne zikatiki. Moja ikachana mkeka dakika za mwisho.

Nimekaa kitandani usiku ule ndio nikakumbuka ile karatasi. Hata tuseme kila mechi ilikuwa na asilimia 70, zidisha mara tano: inakuja 17 hivi. Sikuwa na bahati mbaya. Nilikuwa natarajia kupoteza, sema tu sikujua.

Baadaye nikagundua kuna gemu zinatubembeleza. Fire Emblem la Nintendo, kuanzia lile la 2002, kwa matoleo kadhaa lilionesha 70 kwenye kioo, lakini ndani linachukua namba mbili za bahati na kutafuta wastani wake. Matokeo yake hiyo 70 inakuwa kama 82. Linakwenda na vile akili zetu zinavyotaka, kwamba kitu kikubwa kisikose. Wesnoth halikubembelezi. Na mkeka ndio kabisa.

Siku hizi bado nacheza. Kilichobadilika ni swali. Zamani nilijiuliza "ikipata itakuwaje?" Sasa najiuliza "ikikosa, nimesimama wapi?" Kama jibu ni uwanja wa wazi na giza linaingia, sipigi.

Mshikaji nilimlipa elfu 40 yake kwa miezi minne, kidogokidogo. Hela aliipokea. Ila chumba alishahama, na mpaka leo tukikutana ni salamu tu. Hapo sina pa kurudisha nyuma.

Wewe ni kitu gani ulikiita uhakika kumbe ulikuwa hujazidisha? Funguka.