Mzee, Kabla Hujaiweka Nyumba Rehani



Ndugu zangu, wiki hii mzee wetu mmoja aliyeko Ohio, Marekani, amenitumia ujumbe wa sauti. Ana miaka 71. Nyumba amemaliza kuilipia, lakini pensheni haimfikishi mwisho wa mwezi. Ameambiwa kuna rehani ya kinyume: benki ndiyo inayokupa wewe fedha, na nyumbani mwako unaendelea kukaa. Ananiuliza, "Sheikh, masharti yote ninayo. Nichukue?"

Wewe unayesoma huenda una baba au mama huko, basi yajue masharti yenyewe. Mkopo huo, ule wenye dhamana ya serikali, unataka mkopaji awe na miaka 62 au zaidi. Nyumba iwe ndiyo makazi yake makuu, na kama ina deni, liwe dogo la kulipika kwa mkopo huo huo. Asiwe na deni la serikali kuu alilochelewesha. Aonyeshe ataweza kulipa kodi ya nyumba, bima na matengenezo. Na kwanza aonane na mshauri aliyeidhinishwa na wizara yao ya nyumba. Hilo la mshauri, wallahi, nimelipenda.

Lakini hakuna sharti linalouliza habari ya riba. Ule ni mkopo, na riba inazaa riba mpaka ufe, uuze au uhame. Aya za Suratul Baqarah, 275 hadi 279, mimi sina njia ya kuzizunguka.

Nikamuuliza: mkeo ana miaka mingapi? Hamsini na minane. Basi hawezi kuwa mkopaji. Ukitangulia wewe, anaweza kuachwa akae iwapo hati zilimtaja kama mke wako, ila fedha hapewi tena. Na ndoa mmeisajili serikalini? Mzee akanyamaza. Nikahi ilifungwa msikitini, cheti cha serikali hawakuchukua.

Hapo hata riba niliiweka kando kidogo. Nikamwona yule mama na mizigo yake mlangoni, eda haijaisha.

Nimemwambia asitie saini. Akasajili ndoa kwanza. Kisha aite wanawe, wote wana kazi: ama wainunue nyumba kidogo kidogo kwa mkataba wa mwanasheria naye akae humo, ama aiuze ahamie ndogo. Jana kanipigia tena. Mwanawe mkubwa hakujua kabisa kwamba baba yake ana shida ya fedha.