Kutoka Machame hadi Mkunazini

Mimi ni mzaliwa wa Machame, na kwetu mtu hakuchagua Ulutheri, alizaliwa ndani yake. Wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893; Kibosho, jirani zetu, wakapata mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mlima mmoja, makanisa mawili. Mke wangu ni wa Kibosho. Binti yetu alipokaribia kipaimara akaomba Biblia yake mwenyewe, pande zote mbili za ukoo zikawa na la kusema. Nikaamua kwamba kabla ya kutoa hela, nikaone kwanza mahali ilipotengenezwa mojawapo ya Biblia za mwanzo za Kiswahili.

Nilivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam pamoja na shemeji yangu. Wote wawili tulikuwa hatujawahi kufika Unguja.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko hilo mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Pembeni ya madhabahu kuna msalaba mdogo, unaosemekana kuchongwa kutokana na mti wa Chitambo, pale moyo wa Livingstone ulipozikwa. Nyuma ya madhabahu amelazwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Huyu ndiye aliyejifunza Kiunguja kwa watu wa mji huu, akatafsiri, na kuchapa kwa mtambo wa misheni. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, yeye akiwa kaburini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mlutheri akiingia humo anaweza kujiuliza kama hajapotea njia. Waanglikana wa Unguja, Tanga na Masasi walilelewa na misheni ya UMCA, iliyopenda ubani, kanzu za ibada na kitubio. Wale wa Dodoma na Morogoro walilelewa na CMS, iliyosisitiza mahubiri na wokovu wa mtu binafsi. Dhehebu ni moja, ila ukihama mkoa unaweza kudhani umehama kanisa. Tusijidanganye kwamba jina lililo kwenye kibao cha kanisa linatueleza yote.

Kutoka hapo tulitembea hadi Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, Shangani. Tukiwa kivulini shemeji aliniuliza:

“Shemeji, Tobiti umemsoma?”

“Sijamsoma. Kwenye Biblia yangu hayumo.”

Akafungua yake, akanionyesha kwa kidole: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wawili, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku. Ndivyo vitabu saba vya Deuterokanoni vinavyofanya Biblia ya Wakatoliki iwe na 73 na yetu 66. Luther mwenyewe hakuvitupa. Aliviweka kati ya Agano la Kale na Jipya, akiviona vizuri kusomwa ingawa havilingani na Maandiko. Hilo halikufundishwa katika darasa langu la kipaimara, na lingetupunguzia mabishano mengi ya sikukuu.

Na hii Biblia yetu ya Union Version, ambayo wengi wanaitetea kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni, ilikamilika mwaka 1952. Kabla yake Unguja ilikuwa na ya kwake, Mombasa ikawa na ya Kimvita ya mwaka 1914, na Karl Roehl, Mjerumani, akatoa yake mwaka 1937. Union ilikuja kuwakusanya wasomaji hao mezani pamoja. Habari Njema ikafuata, kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa ushirikiano, yenye Kiswahili chepesi zaidi; na ipo chapa yake yenye vitabu vile saba.

Binti nimemnunulia mbili: Union, kwa sababu ndiyo inayosomwa kanisani kwetu na ndiyo atakayokariri, na Habari Njema yenye Deuterokanoni, ya kusomea nyumbani na bibi yake wa Kibosho. Nawe ukifika dukani, usianze na jalada wala bei. Fungua orodha ya vitabu uvihesabu, kisha soma sura moja ya Waraka kwa Warumi kwa sauti katika kila tafsiri. Ile unayoielewa bila kurudia, hiyo ndiyo ya kusomea kila siku.