Pikapu ya Baba na Barabara Mbili

Pikapu ya Baba ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Ilikuwa Peugeot 504, nyeupe kwa asili ingawa vumbi la kwetu Kalimoni liliipa rangi yake. Ikiacha barabara kuu pale Juja na kuelekea kwetu, mbele inagonga ngo-ngo-ngo, nyuma chuma kinasaga chuma, na Mama anainjika sufuria ya chai. Sisi watoto tulidhani kila gari lina sauti yake kama watu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba tuliyokuwa tukiisikia ni bushi, ile mipira ya viungo vya chini ya gari, zilizokwisha.

Baba aliiamini 504 kama wazee wengi wa rika lake. Alikuwa kijana mwaka 1975, dereva Ove Andersson aliposhinda mashindano ya Safari Rally kwa gari hilo, na hadithi hiyo aliisimulia kila tulipokwama matopeni. Tena hakukosea. Springi za mbele za 504 ni za kujiviringa, ndefu na laini, na gurudumu hushuka shimoni na kupanda bila kuliinua gari zima. Nyuma, pikapu ilikuwa na springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na hapo ndipo taabu zetu zilipoanzia.

Riziki yetu ilitoka kwenye matimbo ya mawe ya Ndarugo. Gari lile liliundwa kubeba kama tani moja hivi. Kwa bei ya mawe ya siku hizo, tani moja haikulipa karo. Kwa hiyo tulizidisha mzigo, na springi za nyuma zilipolala, Baba alizipeleka kwa fundi wa Juja, akamwambia aongeze bapa. Nilimtazama fundi yule mara nyingi. Alichukua kipande cha springi kuukuu ya lori, akakiweka juu ya fuawe, akakigonga kwa nyundo nzito kidogokidogo, akisogea inchi moja, akikiinua kutazama mviringo wake dhidi ya mwanga wa jua, kisha akirudi kugonga. Bushi alizichonga kwa kisu kutoka kwenye tairi lililotupwa, akazipaka sabuni, akazishindilia mahali pake. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya jicho. Ulikuwa ufundi wa kweli, na mpaka leo siwezi kuudharau.

Lakini kila bapa lililoongezwa lilikuwa na gharama yake. Springi ngumu haiumezi mtikisiko, huupeleka juu. Bapa kuu lilikuwa likikatika palepale, kwenye tundu la bolti ya katikati, maana tundu hilo hupunguza chuma hapo. Baadaye chesisi yenyewe ikapata ufa. Na udongo wetu ni ule mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kukauka ukawa makorongo magumu kama saruji. Usiku mmoja jirani alikuja kugonga, mkewe ameshikwa na uchungu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro na magunia, tukaanza safari ya hospitali ya misheni. Pikapu haikuwa na mzigo, kwa hiyo springi zile hazikupinda hata kidogo, na kila korongo lilimpiga mama yule mgongoni. Baba alipunguza mwendo hadi mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nilikuwa nimemshika mama yule mkono. Mtoto alizaliwa salama, lakini kilio kile sijakisahau.

Kisha barabara ikabadilika. Kuanzia 2009 matingatinga yalifukua barabara ya Thika, na Novemba 2012 Rais Kibaki akaifungua: kilomita hamsini hivi kutoka Nairobi, njia nane katika baadhi ya sehemu, lami kama meza. Wakati huo macho ya Baba yalikuwa yamepungua nguvu na funguo zilikuwa kwangu. Nikaingia na ile pikapu kwa furaha, nikafika tisini, mwendo ambao haikuwahi kuujua. Karibu na Ruiru usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nikagusa breki, gari likaruka kushoto, karibu niingie chini ya lori. Nilisimama pembeni mpaka magoti yakaacha kucheza.

Nilimrudia fundi yuleyule. Alikuwa amezeeka. Akainua gurudumu la mbele kwa jeki, akashika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, akalitikisa. Likagonga. "Bolijointi," akasema, yaani kile kiungo kati ya gurudumu na mkono wake wa chuma. Akaingiza mtaimbo kwenye mkono huo wa chuma, akausogeza, na bushi ile ya tairi ikachomoza kama ulimi.

"Mzee, hii si ulitukatia wewe?"

"Ni mimi, kijana wangu. Wakati ule gari lenu halikuwa na mahali pa kukimbilia. Sasa mmeletewa barabara."

Tulibadilisha bolijointi zote mbili na bushi zote, kushoto na kulia pamoja, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja tu gari linaweza kuvuta upande. Springi za mbele alizibana kwa vibano vya skrubu, akatuamuru sote tusimame mbali, maana springi iliyobanwa ikiponyoka inaweza kuua. Nyuma akatoa mabapa yote ya lori na kurudisha idadi ya kiwandani. Nilimwona akiyapanga ukutani moja moja, kimya.

Shokomzoba za nyuma nilikuwa nimezinunua mwenyewe mjini, kwa bei rahisi, katoni safi na nembo kamili. Fundi akachukua moja, akaisukuma na kuivuta. Ilienda nyepesi kama pampu ya baiskeli. "Hii ni bomba tu." Nikabisha, nikazifunga. Kabla ya miezi mitatu zilikuwa zinavuja mafuta, nikanunua nyingine.

Jambo moja alinifundisha siku ile ambalo naona vijana wengi wa gereji hawalijui. Nati za bushi hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alizishika tu kwa mkono, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake, akalidundisha, kisha akajilaza chini na kuzikaza. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira unafungwa ukiwa umejisokota, na unapasuka mapema.

Siku hizi sibebi zaidi ya tani moja, na Mama hunilaumu kwamba nafika nyumbani chai haijainjikwa. Nawe mwenye pikapu ya zamani, iwe upande wa Thika au kwingine, kabla hujaipandisha barabara kuu inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Likigonga, usiende.