Matope Yalilimeza Hekalu, Mlinzi Mmoja Hakulikatia Tamaa

Wengi wakisikia Peru wanawaza Machu Picchu tu. Ila kuna Chavín de Huántar, hekalu la mawe kwenye milima ya Andes, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Lina miaka karibu 3,000, yaani lilikuwepo zamani sana kabla ya Wainka.

Mwaka 1945 maporomoko ya matope yalishuka yakalifunika. Michongo kibao iliyokuwa imehifadhiwa pale ikapotea hivi hivi. Baadaye mlinzi mmoja, mwenyeji wa hapo hapo, akaanza kutoa tope, ujia mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi. Hakuwa staa wala hakuwa na mashabiki, lakini bila watu kama yeye, mgeni wa leo angeona nini?

Watafiti waliofuata nao hawana papara. Mwaka 2001 walifukua mabaragumu 20 ya makombe ya baharini, huko juu milimani! Na 2022, ujia uliofungwa tangu enzi hizo waliuchungulia kwanza kwa roboti yenye kamera.

Utamu uko hapa: zile njia za giza zilijengwa ili wachache tu waingie. Leo mlango uko wazi kwa kila mtu, na vidole vya kila mtu vinakula jiwe kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiambiwa usiguse, usinune. Mwenzio alizoa tope miaka mingi, wewe unaombwa mikono mfukoni saa moja tu. Kweli itakushinda?