KIBIRIZI NA UPEPO WA ZIWA TANGANYIKA

Atokaye mjini Kigoma akashika njia ya kaskazini, baada ya mwendo wa kama kilomita 3 huteremka Kibirizi. Ni ufuko wa mchanga wenye shughuli nyingi. Hapa abiria hupanda maboti ya mbao kwenda Gombe, Mwamgongo, na Kagunga iliyo karibu na mpaka wa Burundi. Na hapa hushushwa dagaa waliovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa juani. Mbele yako ni Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa kabisa. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama kivuli. Tulipofika tulipokewa kwanza na harufu ya dagaa, kisha na upepo. Na katika upepo huo ndimo tulimoona mafunzo ya kuwaletea wasomaji wetu.

Upepo wa ziwa hili si jambo dogo. Tangu Mei hata Septemba pepo za kusi huvuma zikilifuata ziwa kwa urefu wake. Huyasukuma maji ya juu yakaenda kaskazini, na huko kusini maji ya chini yenye rutuba yakainuka kushika mahali pake. Rutuba hiyo huotesha vijimea visivyoonekana kwa macho. Vijimea huwalisha vijidudu, vijidudu huwalisha dagaa, na dagaa humlisha mgebuka na mwanadamu. Basi alaye dagaa wa Kigoma na amshukuru Mola wake kwa upepo, hata kama haujapata kumpiga usoni.

Wazee wetu nao waliutumikisha upepo huo. Mwaka 1858, wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walipofika Ujiji, walisikia habari za jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Speke alilivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kulitafuta ng'ambo, akarudi bila ya kulipata. Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Cameron, aliondoka Ujiji kwa chombo cha tanga, akaizunguka sehemu ya kusini ya ziwa mpaka akauona mdomo wa mto Lukuga. Siku hizi maboti ya Kibirizi huenda kwa mashine. Lakini mashine haikuuondoa upepo wala haikuyalaza mawimbi.

Wako watu leo wanaovuka mabara kuutafuta upepo, si kwa biashara bali kwa mchezo. Nchini kwetu hukusanyika zaidi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Wengine huvutwa na tiara kubwa. Wengine husimama juu ya ubao wenye tanga. Ubao huo wa tanga ulitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer. Mlingoti wake haukukazwa, bali umeungwa kwa kiungo kinachogeuka kila upande. Hauna usukani: mchezaji hulilaza tanga mbele au nyuma kwa mikono yake, na ubao ukageuka. Mwaka 1984 mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki.

Si makusudi yetu kuwahimiza vijana wa Kigoma wauige kila mchezo wa wageni. Mchezo wenye sitara, usiopoteza swala wala kudhuru mtu, hatuna neno nao. Tulitakalo ni kutazama namna mchezaji huyo anavyojiandaa. Kabla ya kutia mguu majini huuliza upepo unatoka wapi na nguvu zake zi kiasi gani. Ukiwa mkali huchagua tanga dogo. Ukiwa unatoka nchi kavu kwenda bahari kuu, mwanafunzi huambiwa angoje. Huvaa jaketi la kumwelesha, naye amejifunza kuogelea. Yeye huenda kucheza, naye hujiandaa kama aendaye vitani. Sisi twaenda kutafuta riziki, nasi hupanda chombo kama tuendao sokoni!

Mara ngapi twamwona mama na mtoto mgongoni akiingia katika boti lililokwisha kujaa, asiulize idadi ya watu wala jaketi? Tusisahau msiba wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka katika Ziwa Viktoria, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa, na gati ya Ukara ilikuwa karibu mbele yao.

Atasema mtu: ajali ni kadari. Ni kweli, nasi twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kutegemea Mungu, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ategemee. Katika Sura Yunus Mwenyezi Mungu ametusimulia watu waliofurahia upepo mzuri, kisha wakajiwa na tufani. Wakamwomba kwa ikhlasi, na walipookolewa wakarudia uovu wao. Kumkumbuka Mungu katikati ya mawimbi tu, na kuupuuza wajibu tukiwa ufukoni, ni tabia ya watu hao.

Basi enyi wazazi, yapasa tuanze na watoto. Imepokewa katika Hadithi kuwa kujifunza kuogelea si katika upuuzi. Watoto wetu wafundishwe, wavulana peke yao na wasichana peke yao kwa sitara, mahali salama ambapo wenyeji wanapajua, na watu wazima wakiwaangalia. Na watu wazima tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari, hasa miezi ya mvua, tangu Novemba hata Aprili, ambapo dhoruba huzuka ghafla. Boti likijaa, tungoje jingine. Nahodha akisema leo hakwendeki, tumshukuru wala tusimwite mwoga. Nauli iliyopotea hupatikana tena, na siku iliyopotea hufidiwa kwa nyingine, lakini roho haina badala.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, aufanye upepo wake uwe wa rehema, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomtegemea baada ya kumfunga ngamia. Amin.